Mlango wa Uani

Barua ilifika Jumanne asubuhi, Oktoba ya mwaka 1971, na kama ilivyo kawaida ya nyumba zenye wapangaji, ilifunguliwa na asiyehusika. Alnashir, mwenye nyumba, aliyekuwa fundi saa Mombasa na sasa anauza magazeti na sigara hapa Thornton Heath, Uingereza, aliisoma mara mbili nyuma ya kaunta yake. Kisha akapanda nayo juu huku anahema, maana habari mbaya ya mwenzako ni nzito kukaa nayo peke yako.

“Madhubhai! Kokilaben! Mambo yameharibika.”

Juu kulikuwa na chumba kimoja na kingine nusu. Madhu, mtunza stoo katika kiwanda cha vipuri vya redio, alikuwa anafunga kamba za viatu. Mkewe Kokila, mwenye miezi mitatu tu tangu ashuke ndege, alikuwa anamsuka nywele binti yao Kalpana wa miaka tisa. Watu hawa walisalimiana na kusali kwa Kigujarati, lakini wakitaka kugombana walihamia Kiswahili, kwa sababu ndicho walichokizoea Mombasa na ndicho chenye maneno ya kutosha.

Alnashir hakungoja kuambiwa. Aliisoma barua yote kwa sauti, akiifasiri neno kwa neno, kana kwamba yuko mahakamani.

Ofisi ya uhamiaji ya Croydon ilikuwa imewahoji mke na mume, kila mmoja chumba chake, juu ya nyumba waliyoishi Mombasa. Majibu hayakufanana. Mume alisema nyumba inatazamana na godauni la kahawa. Mke alisema inatazamana na banda la mwanamke anayekaanga mahamri. Mume alisema mlangoni kuna ngazi tatu za mawe. Mke alisema hakuna ngazi. Mume alisema mkono wa kulia yuko kinyozi. Mke alisema mkono wa kulia kuna bomba la maji. Mume alisema mbele ya nyumba kuna barabara ya lami na reli ya kwenda bandarini. Mke alisema hakuna barabara, ni njia ambayo watu wawili wanene hawapishani.

“Kwa hiyo,” Alnashir alimalizia, “ofisi haijaridhika kwamba watu hawa wawili waliwahi kukaa nyumba moja, seuze kuwa mke na mume. Mtahojiwa tena tarehe kumi na sita Novemba. Wasiporidhika, Kokilaben aondoke nchini kabla ya mwisho wa mwezi.”

“Aende wapi?” Madhu aliuliza.

Alnashir akaikunja barua. Swali lile halikuwa na jibu na kila mtu mle chumbani alilijua hilo. Kokila aliacha kibali chake cha kukaa Kenya mezani pa ofisa wa uwanja wa ndege, Nairobi, na kikapigwa muhuri wa kufutwa mbele ya macho yake. Pasipoti yake ya Kiingereza ilikuwa na jina la baba yake. Ndoa yao ilifungwa mbele ya moto na kuhani, bila ya karatasi ya bomani, na katika picha ya harusi bibi harusi alikuwa amefunikwa uso mpaka kidevuni. Ofisa wa kwanza aliitazama picha ile akasema anayeonekana pale anaweza kuwa mtu yeyote.

Wakati wote huo Kokila hakugeuka. Aliendelea kusuka, akakaza ule mkia wa nywele mpaka Kalpana akamlilia mama yake, “Ouch, Ba!”

* * *

Ugomvi ulisubiri mpaka Madhu aliporudi kutoka kazini na Kalpana akatumwa chini kwa Alnashir.

“Umesema hakuna ngazi,” Madhu alianza, hata koti hajalivua. “Nyumba niliyozaliwa mimi! Kuna ngazi tatu. Miaka kumi umekaa pale na ngazi hukuziona?”

“Nimesema nilichokiona.”

“Na godauni la kahawa? Kitu kikubwa kama mlima! Umewaambia mahamri, mbele ya nyumba yangu kuna mtu anakaanga mahamri!”

“Mwatima. Anakaa pale pale, mbele.”

“Mbele ya nini?”

“Mbele ya mlango.”

“Mlango upi, Kokila?”

Akamtazama mumewe kama anayetazama mgonjwa. “Kwani mimi nilikuwa na milango mingapi, Baba Kalpana? Mlango wa uani. Huko mbele lilikuwa duka, na dukani alikuwa amekaa baba yako.”

Madhu alijua, kama alivyojua kila mwanamume wa kwao, kwamba mkaza mwana hapiti mbele ya baba mkwe. Akisikia kikohozi chake hujifunika, akisikia hatua zake huingia jikoni. Bapuji, baba yake Madhu, alikaa dukani kuanzia alfajiri mpaka saa ya kufunga, na waliofika kununua chumvi na mafuta ya taa walikuwa makuli wa bandarini. Kokila aliletwa bibi harusi kwa mlango wa uani, na kwa mlango huo aliingia na kutoka. Jambo hilo Madhu alikuwa analijua maisha yake yote na hata siku moja hakulifikiri.

“Mungu wangu,” alisema, akakaa kitandani na koti lake. “Tumewapa nyumba mbili.”

* * *

Alnashir, aliyekuwa na dawa ya kila ugonjwa usio wake, alitoa shauri. “Ofisi haitaelewa mambo ya baba mkwe. Mfundishe ya mbele. Aseme kama unavyosema wewe, basi.”

Kwa hiyo Jumapili tatu mfululizo Madhu aligeuka mwalimu. Alichana boksi la sigara kutoka dukani kwa Alnashir, akachora ndani yake mtaa wa nyumbani, ule ambao wenyewe waliuita Mtaa wa Magunia, kule nyuma ya bandari ya Kilindini. Akachora barabara, reli, godauni la kahawa na matangi ya mafuta. Kokila alikaa sakafuni karibu na hita ya mafuta, shali mbili mabegani.

“Ukitoka dukani, mbele yako?”

“Godauni la kahawa.”

“Kulia?”

“Msabaha kinyozi. Ana kiti kimoja na kioo chenye ufa.”

“Kushoto?”

“Ameir wa chai. Baada ya Ameir, mizani ya malori.”

“King'ora kinalia lini?”

“Hicho nakijua mwenyewe, hata nyuma kilisikika. Saa moja, saa tisa, na saa tano usiku.”

“Ngazi ngapi?”

Kokila akasita. “Ngapi?”

“Tatu.”

“Tatu,” alisema, lakini alisema kama mtu anayemeza kidonge.

Madhu alisimulia vizuri. Alivyoendelea ndivyo alivyosahau kuwa anafundisha. Alieleza jinsi mabehewa yalivyopita polepole mbele ya duka hata vijana wakadandia, jinsi vumbi la kahawa lilivyotanda barabarani jua likawa la rangi ya chai, jinsi makuli walivyopanga foleni kwa Msabaha siku ya mshahara. Aliyataja majina ya meli. Akafuta macho, akasingizia moshi wa hita. Miaka mitatu na nusu alikuwa akilala katika chumba hiki na kila usiku kabla ya usingizi aliutembea mtaa ule, kutoka relini mpaka mlangoni kwao, na hakumwambia mtu.

“Na wewe?” aliuliza Jumapili ya pili. “Huko nyuma kulikuwa na nini?”

“Yatakusaidia nini? Si hutaki niseme.”

“Nataka kujua.”

Kokila akatazama lile boksi. Nyuma ya nyumba palikuwa peupe. Madhu hakuchora kitu. Akachukua penseli, akachora kichochoro chembamba.

“Hapa bomba. Hapa Mwatima. Anawasha jiko kabla ya king'ora cha kwanza, kwa hiyo mimi niliamshwa na iliki. Hapa Mwanabaraka, anashona magunia yaliyopasuka, ana sindano ndefu kama mkono wa mtoto. Hapa wanakaa wanawake wachambuzi wa kahawa, saba chumba kimoja. Wakirudi jioni wanapangusana vumbi, na wanaimba, wanamtukana msimamizi wao kwa jina. Mimi nawapa achari juu ya ukuta, wao wananipa mbaazi za nazi. Kiswahili changu nilikipata hapo.”

“Bapuji alijua?”

“Alikula zile mbaazi. Hakuuliza zinatoka wapi.”

Madhu akacheka. “Kuna mlango wa mbao pale uani. Naujua. Sikuwahi kuufungua.”

“Kalpana alizaliwa nyuma ya mlango huo huo. Mwatima ndiye aliyempokea.”

“Mwatima wa mahamri? Nilidhani ni nesi wa Kihindi!”

“Nesi alifika mtoto ameshaoshwa. Wewe ulikuwa dukani, ukaambiwa ni msichana, ukaendelea kupima sukari.”

Hakusema kwa ubaya. Lakini Madhu aliumia, na maumivu yenyewe yalikuwa ya namna ngeni. Kumbe mtaa alioulilia miaka yote hii ulikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa hatua ishirini kutoka kitandani kwake, ina watu na nyimbo na harufu ya iliki, na sasa aliitamani kuliko ile aliyoijua, na hawezi kuirudia kwa sababu hakuwahi kufika.

Kalpana, aliyekuwa amelala kifudifudi anachora paka, aliinua kichwa. “I used both doors,” alisema, akarudi kwa paka wake.

* * *

Ruhusa ya siku ya mahojiano ilibidi iombwe kwa Tom, msimamizi wa stoo. Tom hakuwa mtu mbaya. Aliuliza tu, mbele ya vijana sita wanaopakia maboksi, “Tena? Bado wanatafuta kama ni mkeo?” Vijana wakacheka. Mmoja akasema yeye angefurahi kama ofisi ingemchukua wa kwake. Madhu akacheka nao, kicheko cha mtu anayehitaji ruhusa, kisha akaenda kujifungia chooni mpaka uso ulipopoa.

* * *

Jengo la Croydon lilikuwa na ghorofa nyingi kuliko zilizohitajika kumtisha mtu. Waliitwa ghorofa ya nane. Safari hii Madhu alikuwa ameandika barua kuomba mkalimani wa Kiswahili badala ya yule bwana wa Delhi wa mara ya kwanza, ambaye Kihindi chake kilikuwa cha redioni na Kokila alikielewa nusu. Karani alimtazama mara mbili, Mhindi anayetaka Kiswahili, lakini mkalimani akapatikana. Jina lake Suad, Mzanzibari, mpiga chapa katika hospitali ya Lewisham, aliyekuja Uingereza na begi moja baada ya mapinduzi. Alimshika Kokila mkono wake kwa mikono miwili, akamuuliza hali, mtoto, na baridi, mpaka ofisa akakohoa.

Ofisa alikuwa mwanamke, Jennifer, mwenye miwani na mafua. Alimchukua Kokila peke yake. Madhu alikaa kwenye benchi dakika arobaini, anatazama mlango, anarudia moyoni: godauni, Msabaha, Ameir, mizani, tatu. Alikuwa na hofu kama ya mtoto. Kama Kokila angekosea, mwezi ujao angelala tena peke yake chumbani mle, na safari hii asingekuwa na tarehe ya kungoja.

Walipomwita ndani aliambiwa akae na asizungumze.

“Safari iliyopita mama huyu hakujua kitu,” Jennifer alisema, na Suad akafasiri. “Leo amejibu kila swali, na kwa maneno yale yale aliyotumia mumewe. Mpaka kioo chenye ufa. Muulize nani amemfundisha.”

“Mwambie alinifundisha huyu hapa,” Kokila akajibu.

Madhu akafumba macho.

“Mwambie Jumapili tatu. Mbele ya duka mimi sikupajua. Mkaza mwana hapiti mbele ya baba wa mumewe. Miaka kumi nilitokea mlango wa uani, na huko nyuma ndiko nilikowaeleza siku ile. Sikusema uongo. Ninyi mliuliza mlango, na mimi nilikuwa na mmoja.”

Suad akafasiri, na alipomaliza akaongeza jingine kwa Kiingereza chake chepesi. Jennifer akainua macho. “Hilo amesema yeye au wewe?”

“Mimi,” Suad akasema. “Nilisema hata kwetu Unguja wanawake wana njia yao. Samahani.”

Jennifer akafuta pua, akapekua karatasi. “Kuna jibu moja halikulingana. Ngazi. Mume anasema tatu. Mke mara ya kwanza alisema hakuna, leo anasema nne. Kama alifundishwa, alifundishwa tatu. Kwa nini aseme nne?”

“Kwa sababu ni nne,” Kokila alisema.

“Tatu,” Madhu alinong'ona, bila ya kujizuia.

“Nne, Baba Kalpana. Ya chini kabisa imezama mchangani, imebaki ncha. Wewe unairuka tangu mdogo, ndiyo maana huihesabu.”

Mguu wa Madhu uliikumbuka kabla ya kichwa. Walipochimba mfereji wa maji machafu, barabara ilipanda na ngazi ya mwisho ikafukiwa. Kila siku ya maisha yake aliiruka. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, ofisa akimtazama.

“Na kama hakuwahi kupita mbele,” Jennifer aliuliza, “ameijuaje?”

Kokila akavuta pindo la sari kichwani, akamwangalia Suad peke yake, kwa sababu kwa mwanamke mwenzake ilikuwa rahisi zaidi kusema.

“Nilipita siku moja. Februari, siku aliyoondoka yeye kuja huku. Tiketi ilikuwa moja, watu walikuwa wanakimbilia ndege kabla sheria ya Uingereza haijafunga mlango, na baba yake alikataa kuhama. Mimi nikaagana naye jikoni, haraka haraka, wageni wamejaa. Akatokea dukani. Nikasikia mlango wa teksi. Sijui nini kilinipata. Nikapita dukani, mbele ya mzee, kichwa wazi. Nikashuka zile ngazi mbio, moja, mbili, tatu, na ya nne sikuijua kwa kuwa imefukiwa. Nikajikwaa, ukucha wa kidole gumba ukang'oka. Teksi ilikuwa inaondoka.”

“Mumeo alikuona?”

“Hakugeuka.”

“Na mzee?”

“Alinipa mgongo mpaka nikarudi ndani. Hakusema neno siku ile wala siku nyingine, na mimi nilimuuguza mpaka akafa mikononi mwangu. Baada ya pale duka likapangishwa, wakajenga ukuta katikati. Sikupita tena.”

Suad alifasiri sentensi za mwisho akitazama dirishani. Jennifer aliandika kwa muda mrefu, akageuza ukurasa, akaandika tena.

“Aliyekaririshwa angesema tatu,” alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejisemea. Akavuta pasipoti, akafungua droo, akagonga muhuri. “Mwambie anaweza kukaa. Hakuna haja ya kurudi hapa.”

Suad hakufasiri. Alimkumbatia Kokila pale pale juu ya meza, mafaili yakaanguka.

* * *

Walingoja basi la Thornton Heath mvua ikinyunya. Kokila alikuwa ameificha pasipoti kifuani, ndani ya sweta, na mara kwa mara aliigusa. Alisema jioni atapika mbaazi, kama Alnashir atakuwa na nazi ya kopo. Alisema Kalpana apelekwe kupima miwani. Alikuwa anaongea kama mtu aliyekatazwa kuongea kwa miezi mitatu.

Madhu alisikiliza, akaitikia, lakini moyo wake ulikuwa bado uko ghorofa ya nane.

“Siku ile,” alisema, “kwa nini hukuniita?”

“Nilikuita.”

“Ulisemaje?”

“‘Ngoja!’ Niliposimama pale chini nilipiga kelele, ngoja, ngoja. Mara mbili, labda tatu. Kidole kinatoka damu, watu wote wa godauni wananitazama. Sikuwahi kupaza sauti nje ya nyumba maisha yangu. Gari lilikuwa halijafika relini.” Akamkung'uta matone ya mvua begani. “Basi tena. Kulikuwa na kelele za malori. Usingeweza kusikia.”

Alimpa njia ya kutokea, na Madhu aliiona. Angeweza kuishika. Angeweza kusema ndiyo, malori, na wakapanda basi, na wakala mbaazi.

“Dereva alipunguza mwendo,” alisema. “Pale kwenye mizani. Akaniuliza, ‘Bwana, huyo mwanamke si wewe anayekuita?’”

Mkono wa Kokila ukabaki begani kwake.

“Ukamwambiaje?”

“Nikamwambia twende. Nikamwambia, sauti ile siijui.”